Mboga ya Daktari

Fundi bomba alikuwa na kichwa kikubwa, hilo halina ubishi, lakini hata kichwa kikubwa kinanyolewa chote. Babu Tulia alikinyoa upande wa kulia mpaka ukang'aa, akazima mashine, akasema, "Nakuja," akatoka. Hakuja. Jamaa akabaki kwenye kiti, kitambaa kimemkaba shingoni kama mtoto anayesubiri kulishwa uji, anajitazama kwenye kioo: huku kipara, huku kichaka.

"We Gesi," akasema mwishowe, "baba yako kaenda kuninunulia nywele nyingine, au?"

Gesi alikuwa kwenye kiti cha pili, anamkwangua dereva mmoja ndevu. Akachungulia nje. Kibarazani baba yake hayupo. Kwa muuza chai hayupo. Akamwomba dereva radhi, povu bado liko shavuni, akatoka mbio na wembe mkononi, na watu njiani wakampisha bila kuambiwa. Akamkuta mzee nyumbani, kavua viatu, kajinyoosha kwenye kochi, redio inaongea peke yake.

"Baba, mteja wako je?"

"Mteja gani?"

Hakuwa anatania. Gesi alimjua baba yake akitania, jicho la kushoto huwa linacheza. Siku hiyo halikucheza. Alikuwa anauliza kweli. Gesi akakaa chini pale pale sakafuni, na wembe wake.

Kwa asiyemjua, Babu Tulia ni kinyozi. Alianza ujana wake na mkasi, kiti cha kukunja na kioo kilichotundikwa kwenye msumari, chini ya ubao wa duka la mtu. Baadaye akapata chumba chake: viti viwili, kioo kirefu chenye ufa kwa chini, chupa ya spiriti, kopo la poda, na picha ya mitindo ya nywele ambayo hakuna aliyewahi kuichagua. Jina la kweli wachache wanalikumbuka. Tulia ni kwa sababu ya ile kelele yake. Ukikaa kwenye kiti chake, uwe mtoto au hakimu, ukisogeza shingo hata kidogo anakukamata kichwa kama tikiti na kukukaripia: "Tulia!" Kuna wababa mtaani wana mvi sasa, na bado wakisikia lile neno wanakaza shingo.

Gesi ni kitinda mimba wake. Hilo jina nalo ana haki nalo, njiti moja tu, moto. Shule ilimshinda kwa ngumi, si kwa masomo, ingawa masomo nayo hayakumpenda sana. Alipofukuzwa, watu walisema atapotea. Baba yake hakusema kitu, alimpa mashine na kichwa cha jirani. Jirani akalalamika, eti msichana anamnyoaje mwanaume. "Kwani nywele zako zimeuliza?" akajibiwa. "Tulia!" Tangu hapo baba na binti wanafanya kazi bega kwa bega, wanagombana kuhusu redio, na tangu mama alipofariki ndiyo kabisa, ni wao wawili tu kwenye ile nyumba.

Basi habari ya kichwa nusu ilienea mtaani kabla jua halijazama. Na ikamfikia Bosi.

Bosi ni kaka mkubwa. Ni meneja wa ghala la vifaa vya umeme, ana gari, ana geti, na ana sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Hakuja kwa ubaya. Gesi mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana lilimuuma zaidi.

"Mdogo wangu, tukae chini tuongee," alisema, amesimama. "Mzee anashika wembe. Wembe, Gesi! Leo kamwacha mtu na kichwa nusu, tumecheka. Kesho akisahau kwamba yuko shingoni kwa mtu je?"

"Hajawahi kumkata mtu."

"Hajawahi kumsahau mtu pia."

Gesi akaanza kufuta wembe ambao tayari ulikuwa safi.

Maana hii haikuwa mara ya kwanza. Miezi ya nyuma mzee alianza kuacha jiko linawaka. Akaanza kumwita mjukuu kwa jina la mjomba wake. Ndipo walipompeleka kliniki, na daktari, mwanamama kijana mwenye miwani, akampima presha, akampa maneno ya kukumbuka, akamchoresha saa. Akawaambia wazi: huu bado si ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu wenyewe, lakini mzee yuko kwenye njia inayoelekea huko. Akawaambia pia kwamba presha iko juu, na kinachoharibu mishipa ya moyo kinaharibu na ya ubongo. Dawa ya kurudisha kumbukumbu hana, lakini ya presha anayo, na chakula kinaweza kusaidia kupunguza mwendo. Akamweleza mzee mwenyewe, jicho kwa jicho, namna ya kula. Gesi muda huo alikuwa dirishani anagombana na mtu wa dawa. Bosi alikuwa kwenye simu.

"Sasa tumefuata," Bosi akaendelea. "Dawa anakunywa. Chakula si kabadilisha?"

"Kabadilisha. Kila siku mchana anakula kwa Mama Sufuria. Akirudi ananiambia, leo nimekula mboga ya daktari, nimeshiba. Usiku hata nikimpikia anadonoa tu."

"Umeona? Mzee wa watu kajitahidi. Na bado anashuka." Sauti ya Bosi ikalegea kidogo. "Tunarudi kliniki wiki ijayo. Daktari akisema hali imekuwa mbaya, duka tunafunga. Mzee anahamia kwangu."

"Akafanye nini kwako? Akalinde geti?"

"Atapumzika."

"Baba hajui kupumzika! Utamkalisha mbele ya televisheni kama chungu cha maua, na wewe uko kazini, na wifi yuko kazini. Ataongea na nani, na friji?"

Alipayuka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini Bosi alipoondoka, Gesi alijifungia chooni akalia, maana upande wa kaka yake nao ulikuwa na ukweli, na ukweli wa mtu unayetaka kumtukana ni kitu kichungu sana.

Siku ya kliniki ikafika. Mzee kavaa shati lake la mikono mirefu, kajinyoa mwenyewe, ananukia spiriti. Wakaingia wote watatu.

"Shikamoo, baba," daktari akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Tuone maendeleo."

Akampima presha. Akaangalia, akampima tena. Akampa maneno, mzee akayarudisha machache, mengine yakamponyoka. Saa akaichora vizuri, ila mshale mmoja akausahau. Daktari akavua miwani, akaifuta. Gesi ameshanyoa watu wengi, anajua uso wa mtu anayetafuta namna ya kusema.

"Presha imepanda kuliko mara ile. Na kumbukumbu imeteremka kidogo. Baba, dawa unakunywa?"

"Kila asubuhi. Huyu hapa ananisimamia kama askari jela."

"Na mboga unakula?"

"Kila siku, mwanangu. Nusu sahani, kama ulivyosema. Siku nyingine napitiliza."

Daktari akawatazama watoto, akainua mabega. Bosi akamgeukia Gesi polepole, na kwenye ule uso hakukuwa na ushindi hata chembe, kulikuwa na huzuni tupu. Njiti ikawaka hapo.

"Sasa hayo majani yako yana kazi gani?" Gesi akamrukia daktari. "Mzee wa watu anakula majani tangu mlipomwambia, anatafuna kama mbuzi, halafu mnatuambia kashuka? Si bora angekula anachopenda!"

"Gesi!" Bosi akamshika mkono.

"Niache! Baba, si unakula hayo majani kila siku?"

Mzee akawatazama mmoja mmoja, kachanganyikiwa kabisa.

"Majani gani?"

Gesi akafumba macho. Ni kama lile neno la kwenye kochi, mteja gani, limerudi tena, tena mbele ya daktari. Bosi akainamisha kichwa. Mwisho wa duka, Gesi akawaza. Mwisho wa kila kitu.

"Mimi sijala majani yoyote," mzee akaendelea, sasa na yeye anaanza kukasirika. "Nani kasema majani? Huyu binti daktari kasema mboga."

Daktari akasogea mbele. "Baba, hebu niambie. Mboga unayokula ni nini hasa?"

"Mboga si mboga! Nyama. Ya kukaanga. Mama Sufuria ananichagulia yenye mafuta mafuta, maana nilimwambia ni maagizo ya daktari. Nusu sahani. Na wali nimepunguza mpaka naonea huruma ile sahani."

Halafu Gesi akaelewa, akahisi kama mtu kammwagia ndoo ya maji kichwani. Mtaani kwao mboga ni chochote kinachoteremsha wali. Nyama mboga, samaki mboga, maharage mboga, na majani nayo mboga. Mtu akikuuliza leo mboga nini, unamjibu nyama, wala hashangai. Daktari wa watu, huko alikokulia, aliposema mboga alikuwa na mchicha kichwani. Mzee aliposikia mboga, akaona bakuli la nyama linamjia kwa baraka za kliniki.

Wa kwanza kucheka alikuwa daktari mwenyewe. Alijaribu kujizuia kwa kukohoa, ikashindikana, akaweka kichwa mezani.

"Unacheka nini?" mzee akamkaripia. "Nimefanya ulivyoniambia! Ulisema: baba, nusu ya sahani iwe mboga, wali uwe robo tu, na ukifika mezani usiongeze chumvi. Mezani sijaongeza chumvi hata siku moja. Mama Sufuria anaongeza huko huko jikoni."

Hapo hata Bosi alishindwa. Meneja mzima, machozi yanamtoka, kajishika mbavu.

Daktari akainuka, akajifuta macho. "Nisamehe, baba. Kosa langu. Nilitakiwa kukuuliza mboga kwako ni nini." Halafu akawageukia watoto, na safari hii hakucheka. "Mmesikia lakini? Kasema maneno yangu yote, kwa mpangilio nilioyasema. Miezi imepita."

Gesi alikuwa kasikia. Alikuwa kasikia sana. Kumbe mzee hakusahau maagizo, alikuwa ameyabeba mwenyewe kichwani kila mchana, akayafuata kwa utii kuliko wote pale ndani. Lililopotea njia ni neno.

"Hiyo haimaanishi yuko salama," daktari akasema. "Kumbukumbu za leo leo bado zinamponyoka, hilo tumeliona. Lakini ninyi mmekuja hapa mkidhani tumejaribu chakula kikashindwa. Hatujajaribu bado."

Kwenye ngazi za kliniki Gesi akamshika kaka yake tai. "Kaka. Nipe mpaka tutakaporudi tena. Nisikilize kwanza. Wembe nitashika mimi. Yeye mashine tu. Akisahau mtu, niko kiti cha pili hapo hapo. Tukirudi presha haijashuka, nitafunga duka mwenyewe, na funguo nitakuletea kwako."

Bosi akaikomboa tai yake. "Funguo utaleta bila kupayuka?"

"Bila kupayuka siahidi."

"Haya."

Gesi hakufika nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Sufuria, akaanza kupiga kelele kabla hajafika. Mama Sufuria, mpika chakula mwenye mikono kama mchi, hakuacha hata kukoroga.

"Unanifokea mimi? Mimi ningejuaje? Baba yako kila siku anaingia kifua mbele: Mama Sufuria, weka mboga ya daktari! Nikasema moyoni, angalau siku hizi kuna daktari mwenye akili."

"Ulikuwa unamuua!"

"Nilikuwa namlisha! Njoo hapa, acha kunirushia mate kwenye sufuria. Huyo daktari anataka nini hasa?"

Wakakaa kwenye benchi wakapanga. Majani mabichi ya kijani kila siku, yasipikwe mpaka yawe kama matope. Maharage. Samaki au dagaa wa kuchemsha, wasizamishwe kwenye mafuta. Karanga zisizo na chumvi, tunda badala ya soda, nyama mara moja moja tena kidogo. Na chumvi ipungue huko huko jikoni. Mama Sufuria alisikiliza, akaguna, akasema atampikia kwenye kisufuria chake peke yake. Na neno mboga wakalipiga marufuku. Nyumbani na kwa Mama Sufuria, jani likawa jani, nyama ikawa nyama.

Usidhani mzee alikubali kwa nyimbo. Wiki ya kwanza alisusa. "Mimi sungura?" Dukani wateja wakapata cha kumtania. "Babu, hizo nywele za chini unazifagia, au ndiyo chakula cha jioni?" Alimkamata aliyesema hivyo kichwa, akamnyoa kimya mpaka jamaa akaomba msamaha. Siku moja Gesi aliingia stoo akamkuta kajificha nyuma ya ndoo, mdomo unang'aa mafuta, kipande cha nyama kimefungwa kwenye gazeti. Moto uliowaka siku hiyo hausimuliki. Mzee akangoja umalizike, akajifuta mdomo, akasema, "Hii sikuambiwa na daktari. Hii ni yangu mwenyewe." Na lile jicho la kushoto likacheza. Gesi akaishia kucheka akiwa bado na hasira.

Alichokubali bila ubishi ni kutembea. Kila asubuhi alizunguka na muuza magazeti mpaka stendi na kurudi, wanabishana mpira. Na dukani alijitungia ujanja wake: akianza kichwa anashika kitana mkono wa kushoto, na hakiweki chini mpaka mteja ainuke kwenye kiti. Akijikuta nje ana kitana mkononi, anajua kuna mtu ndani. Mara moja alifika mpaka kwa muuza chai, akakitazama kile kitana, akageuka mbio. Mteja alikuwa bado anasimulia habari ya mke wake, hakujua hata kama kinyozi alitoka.

Hata hivyo Gesi hakulala vizuri. Kuna siku mzee alikuwa mwepesi, anakumbuka mpaka nani alikuwa na upele kichwani utotoni. Kuna siku alikuwa anauliza kitu kile kile mpaka unataka kujificha. Huwezi kujua unapanda au unashuka ukiwa ndani yake.

Siku ya kurudi ilikuwa Ijumaa. Bosi alikuja na tai, kimya, hata redio ya gari hakuwasha. Gesi alikuwa kajipanga. Usiku kucha alitunga maneno ya kumwambia kaka yake mambo yakiharibika, maneno makali, yamenolewa, yako tayari kwenye ncha ya ulimi. Wakakaa kwenye benchi. Mzee akaingia peke yake safari hii, daktari ndiye alitaka hivyo.

Wakakaa. Bosi alikuwa anatikisa goti. Gesi akalitazama lile goti, akashangaa, maana tangu utoto hajawahi kuona kaka yake anatikisika.

Mlango ukafunguka.

"Presha imeshuka," daktari akasema, na Gesi akashika ukuta. "Imeshuka vizuri. Kumbukumbu ipo pale ilipokuwa mara ya kwanza kabisa, labda juu kidogo. Sikilizeni: sijasema kapona, na wala siwezi kuwaahidi kesho. Nasema hajashuka tena. Kwa alipokuwa, hiyo ni habari nzuri. Sana."

"Na kazi?" Bosi akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kazi ndiyo hasa asiache. Anaongea na watu, anasimama, anatumia mikono. Ukimwondoa pale, sijui utampa nini badala yake. Wembe wabaki nao vijana, mashine ashike yeye."

Gesi akamgeukia kaka yake. Maneno yake yote bado yalikuwa pale kwenye ulimi, na hayakuwa na kazi tena. Maana Bosi alikuwa kainama, viganja vimefunika uso, mabega yanapanda na kushuka.

"Nilishatoa vitu kwenye chumba cha kumweka pale kwangu," akasema kupitia vidole. "Nilishanunua kitanda. Kila nikipita pale mlangoni naona kama namwandalia kaburi. Gesi, nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa kuliko wewe, ila mimi sijui kupiga kelele."

Gesi akampiga ngumi ya bega, si kwa nguvu, halafu akauacha mkono pale pale.

"Mnalia nini?" Babu Tulia alikuwa kasimama mlangoni, anafunga kifungo cha shati. "Leo Ijumaa, watu wanataka kuingia wikiendi na vichwa safi. Sisi tuko huku tunakumbatiana. Twendeni!"

Kweli, walikuta foleni mpaka nje. Mzee akavaa koti lake la kazi, akamkamata wa kwanza kichwa, na lile karipio likasikika mpaka ng'ambo ya barabara. Gesi akawasha redio, akanoa wembe. Bosi alisimama mlangoni, hajui aende au akae. Mwishowe akavua tai, akaitia mfukoni, akakunja suruali yake ya meneja, akachukua ufagio.

"Hapo nyuma ya kiti umeruka," Gesi akamwambia.

Akarudi akafagia.